Kazi Niliyoificha Mpaka Ikanipita

Siku niliyopewa shahada ya uzamivu siikumbuki vizuri, mwanangu. Nakumbuka joto la joho na viatu vilivyonibana, basi. Ila nakumbuka siku moja ya Ijumaa, miezi kadhaa baadaye, nimesimama kwenye bustani ya idara yetu hapa Kigali, chupa ya Fanta mkononi, nikimpigia makofi mwenzangu aliyepata kazi ya utafiti Uholanzi. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote waliokuwepo. Kazi ile nilikuwa nimeiomba mimi.

Nitakusimulia taratibu, maana umri wangu hauna haraka, na wewe una haraka ya kututosha sote wawili. Sisi tulilelewa Karagwe, upande wa Tanzania, ukimbizini, na Kiswahili changu ni cha huko. Ndiyo maana mpaka leo watu sokoni wananiuliza nimetoka nchi gani. Tuliporudi Rwanda nilifikia kwa shangazi yangu, aliyekuwa na duka la nafaka Kabuga. Nilisoma nikikaa kwake, asubuhi basi la kuingia mjini, jioni basi la kurudi. Utafiti wangu ulikuwa wa udongo: mvua ikinyesha kwenye miteremko yetu, udongo kiasi gani unaondoka shambani, na nini kinaweza kuuzuia. Nilichimba mashimo chini ya mashamba ya watu, nikakusanya kilichoteremka, nikakikausha na kukipima. Sehemu ya kukaushia ilikuwa sebule ya shangazi. Mifuko ikizidi ilihamia dukani, ikakaa jirani na maharage, na kuna mteja aliwahi kuuliza bei. Mimi nilicheka, shangazi hakucheka.

Nilipomaliza masomo alifurahi sana, akaalika majirani, akijua mambo ya shule na ya udongo yamekwisha pamoja. Nikamwambia natafuta postidoki. Ninyi mliomaliza uzamivu jina hilo mnalilalia na kuamkia, lakini yeye ilibidi nimweleze: ni kazi ya utafiti ya miaka miwili mitatu, mtu anaifanya kwenye chuo kingine chini ya profesa mwingine, analipwa mshahara, mpaka aweze kusimama mwenyewe kama mtafiti. Shangazi alinitazama kwa huruma.

"Umekuwa daktari, hutibu mtu, na bado unatafuta mwalimu?"

"Si mwalimu, Shangazi. Ni kazi."

"Kama ni kazi, usimwambie mtu mpaka uwe umeipata."

Simlaumu kwa hilo. Watu wa hapa tumelelewa hivyo na wewe unajua. Mtu anaomba viza, hasemi. Anapanga safari, hasemi. Jirani anakuja kujua amehama siku anapoona mapazia hayapo dirishani. Ukiulizwa habari unajibu "ndaho", nipo tu, hata kama kesho asubuhi unapanda ndege, na mazungumzo yanaendelea kuhusu mvua. Na shangazi alikuwa na sababu zake. Ukimbizini alimwona kijana mmoja aliyetangaza kwamba amepata nafasi kwenye shule nzuri. Jirani mwenye kijicho akaenda kuwaambia wakubwa kwamba huyo si mwenyeji, na nafasi ikapewa mwingine. Waliopitia mambo ya namna hiyo wananyamaza ili wajilinde, nami nililelewa katika hayo tangu nikiwa mgongoni.

Basi nikaanza kutafuta kimyakimya. Siku hizo hatukuwa na intaneti kwenye simu, tulikwenda saiba, vibanda vya kukodi kompyuta, na mimi nilichagua ya Remera, si ile ya karibu na chuo, nisije nikaonekana. Nilisoma matangazo ya kazi kwenye tovuti za vyuo vikuu, kuanzia Afrika Kusini mpaka nchi za theluji, nikatuma maombi. Mengi nilijifunza kwa kuumia. Nilikuja kujua kwamba tangazo lililowekwa wazi kwa dunia nzima mara nyingi limeshapata mtu wake kichwani mwa profesa aliyeliandika. Nilijua pia kwamba ombi moja likitumwa kwa watu wengi, kila anayelisoma anaona halikuandikwa kwa ajili yake. Nilikuwa nikinakili na kubandika, wakati mwingine bila kusoma tena. Kuna profesa wa Cape Town niliyemwandikia kwamba nimevutiwa sana na utafiti wake wa mito ya Denmark, maneno niliyokuwa nimemwandikia mwingine. Hakunijibu, na nisingemlaumu.

Kila ombi lilitaka majina ya watu wanaonifahamu, watakaoulizwa habari zangu. Jina la kwanza halikuwa na mjadala. Lilikuwa la Profesa Munyaneza, aliyenisimamia kuanzia shimo la kwanza mpaka ukurasa wa mwisho. Alikuwa mzee mfupi wa sweta, aliyekulia Bukavu, na tukiwa wawili tu tuliongea Kiswahili, yeye cha Kongo, mimi cha Karagwe, kila mmoja akimcheka mwenzake. Jina lake nililiandika kwenye kila ombi. Yeye mwenyewe sikumwambia.

Usinishangae. Niliwaza hivi: watakaomwuliza ni wale wanaonitaka kweli, na wakishanitaka nitakuwa karibu kupata, na nikikaribia kupata ndipo nitakapomwambia. Nikimwambia mapema halafu nikakosa, nitamtazama usoni kwa macho gani? Tena idara ilitaka nibaki kufundisha. Niliona kumwambia natafuta kwingine ni utovu wa shukrani, kama mgeni anayeuliza chakula cha nyumba ya pili angali mezani.

Na aliniuliza, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tukinywa chai ya maziwa ofisini kwake alikuwa akisema, "Sasa Dokta, unafikiria nini mbele?" Nami nikijibu, "Nipo tu, Profesa." Mara nyingine akaniuliza waziwazi kama nitabaki kufundisha. Nikasema ndiyo, nitafurahi. Ile "ndiyo" tunayowapa wakubwa kwa heshima, ukiikung'uta hakidondoki kitu.

Tangazo la Uholanzi lilipotokea nilidhani mtu amelisoma moyoni mwangu akaliandika. Walitaka mtafiti wa udongo wa miteremko, anayezijua mvua za kwetu, asiyeogopa kazi ya shambani. Safari hiyo sikubandika. Nilisoma kazi zote za profesa yule nilizoweza kuzipata, nikamweleza mashimo yangu, niliyoyaona na nisiyoyaelewa bado, na nilivyodhani vifaa vyake vingenisaidia kuyaelewa. Akajibu. Akauliza maswali kuhusu vipimo vyangu, nikamjibu, akaandika kwamba amependa, na kwamba atawasiliana na watu niliowataja. Niliondoka saiba nikatembea kwa furaha mpaka nikapita kituo cha basi bila kukiona. Nikasema wiki ijayo namwambia Profesa. Wiki ijayo Profesa alikuwa na wageni. Iliyofuata nikasema ngoja kwanza jibu lije.

Jibu halikuja. Mholanzi alinyamaza, na mimi nisingeweza kumwuliza mtu kwa nini amenyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu ninachokingoja. Nilikwenda Remera nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Shangazi aliona sili vizuri, akafikiri nimepata mchumba.

Ndipo ikaja Ijumaa ile. Profesa Munyaneza aliita idara nzima bustanini, kukawa na mishikaki, Fanta, na bia kwa wanaokunywa. Mwenye sherehe alikuwa Vestine, tuliyesoma pamoja, binti mpole na mchapakazi, naye mtu wa udongo, ingawa wake ulikuwa wa mabondeni. Kama ilivyo kawaida yetu, kila mtu akasimama kutoa neno. Zamu ya Profesa ilipofika akasema kuna mwenzake Uholanzi alimwandikia anatafuta mtafiti, naye akampa jina la Vestine, na Vestine amekubaliwa. Akataja chuo. Akataja jina la yule profesa niliyekuwa namngoja. Nikapiga makofi, nikamkumbatia Vestine, nikatoa neno na mimi, tena neno zuri. Kule Karagwe tungesema nimekufa na tai shingoni, naumia huku nimependeza.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajafika. Nilikuwa na hasira ya siku tatu na niliamini amenihujumu, kwa kuwa alitaka nibaki kumfundishia wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. Hata hakuwa ameketi vizuri, nikamwaga yote: kwamba kazi ile niliiomba, kwamba nilitaja jina lake, kwamba ameulizwa habari zangu akampa mtu mwingine.

Hakukana. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Ni kweli, aliniuliza," alisema. "Aliandika, huyu binti ananiomba kazi, unasema nini? Miye nikashangaa. Nikamujibu vile ninajua. Nikasema ni mutafiti muzuri sana, lakini yeye mwenyewe ameniambia atabakia hapa kufundisha. Nikafikiri labda aliomba zamani, akabadilisha roho. Akaniuliza kama niko na mwingine. Nikamupa Vestine, sababu Vestine alikuja hapa, akakaa kwenye hicho kiti, akasema, 'Profesa, natafuta, nisaidie.'"

"Ungeniuliza kwanza, Profesa."

"Sikukuuliza? Si tulikuwa tunakunywa chai hapa? Ukanijibu nini?"

Nikaketi kwenye kile kiti alichokitaja.

"Juu ya nini ulinificha? Ulifikiri miye nitakula kazi yako?"

"Niliogopa kukosa, Profesa. Na nyumbani wanasema jambo lisitangazwe kabla halijawa."

"Hata kwetu wanasema! Wakati naenda Ubelgiji kusoma, majirani walifikiri mama ananipeleka soko. Lakini mwalimu mwenye aliandika barua yangu alijua. Padri mwenye aliniombea nafasi alijua. Majirani uwafiche, sawa. Haufiche mutu mwenye atakubeba. Wewe umenibebesha muzigo wako, halafu ukanifunga macho. Nilitembea nao vile niliweza."

Aliposema hivyo nikatambua kwamba mzee hakukasirika, ameumia. Mtu aliyesoma kila sentensi yangu, aliyekaa nami mvuani chini ya turubai tukingoja shimo lijae, nilikuwa nimemfanya kama jirani anayechungulia dirishani. Nikalia. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheo, na nililia ofisini kwa watu.

Nilipomaliza kulia nikamwomba amwandikie Mholanzi tena, amweleze. Akakataa palepale. "Nimunyang'anye Vestine? Hapana, Dokta. Hiyo imekwenda." Alikuwa na haki, na nilimheshimu zaidi kwa kunikatalia kuliko ambavyo ningemheshimu kwa kunikubalia.

Akanipa kazi nyingine badala yake. Jumatano idara ilikuwa na kikao, watu wote wapo, akaniambia nisimame nikaseme kwa kinywa changu kwamba natafuta kazi ya utafiti, ya aina gani, na nchi zipi naweza kwenda. Mwanangu, nimehutubia kwenye kumbi kubwa tangu siku hiyo, mbele ya mawaziri, kule wizarani Kacyiru, na wageni wao, lakini sijawahi kutetemeka vile. Nilisema maneno machache nikiangalia meza. Nikaketi nikiwa na uhakika kwamba nimejivua nguo hadharani.

Siwezi kukudanganya kwamba walinipigia makofi. Kuna aliyetabasamu vibaya. Kuna mwingine ambaye kwa miezi mingi, kila tukipishana koridoni, aliniuliza, "Bado uko?" Iliuma. Lakini mhadhiri mmoja mnene, niliyemwona mbea wa kwanza chuoni na kumkwepa kwa sababu hiyo, akaniita kando akanitaka nimwonyeshe maombi yangu. Aliyasoma akacheka mpaka akakohoa. Kumbe jambo langu zuri kuliko yote, kwamba nimepima mashimo yaleyale misimu ya mvua mfululizo bila kuruka hata mmoja, nililificha mwisho wa ukurasa wa pili, kana kwamba ninaliombea radhi. Akaniambia nilipandishe juu. Umbea wake nao ukawa na faida, maana alijua kila mtu, na alimjua mtafiti mmoja Kampala aliyekuwa ameanza mradi wa miteremko na hajatangaza nafasi yoyote. Vestine naye, Mungu ambariki, alipofika Uholanzi alianza kunitumia habari za nafasi kabla hazijaandikwa popote. Profesa akaandika kila nilipomwomba, na kila mara alinitaka kwanza nikae nimweleze kazi hiyo ni ya nini na kwa nini naitaka.

Ilichukua karibu mwaka. Nilikosa kwingi, nikapata Kampala. Hapakuwa na vifaa vya Mholanzi, na mshahara ulichelewa kama mishahara inavyochelewa. Lakini nilifanya kazi ya maana pale, na kila nilichokuja kufanya baadaye kilianzia huko. Uholanzi kungenipa nini, sijui. Kuna siku bado najiuliza, hasa nikisoma kazi za Vestine, ambazo ni nzuri. Na kwa kuwa umemzoea shangazi yangu katika hadithi hii, nikwambie kwamba yeye sikumwambia mpaka nilipokuwa na tiketi ya basi la Kampala mkononi. Alisifu sana usiri wangu.

Profesa Munyaneza ametangulia mbele ya haki, na kiti chake, kwa namna ya kusema, nimekikalia mimi. Mimi ndiye ninayeulizwa habari za vijana. Na sasa nije kwa jambo lililonifanya niyaandike haya yote.

Wiki hii nimepata ujumbe wa profesa mmoja wa Ujerumani. Anasema umemwomba kazi ya utafiti, amependa ulichoandika, na umetaja jina langu mimi niliyekusimamia. Ananiomba nimweleze wewe ni mtu wa namna gani, na kama kweli uko tayari kwenda. Jumapili iliyopita ulikuja hapa nyumbani kwangu Busanza kunisalimu, ukala, ukanisaidia kuosha vyombo, nikakuuliza una mipango gani. Ukasema, "Hakuna jipya, Mama."

Sijamjibu. Nitamjibu keshokutwa, kwa sababu nafasi za namna hii hazingoji, na nitaandika ninachokijua tu, maana siandiki uongo hata kwa ajili ya mtu ninayempenda. Kama leo ningelazimika kuandika, ningesema una akili na una bidii, na kwamba sijui unataka nini. Nawafahamu maprofesa. Sentensi hiyo ya mwisho ingetosha kumfanya amtafute mwingine.

Kwa hiyo nisikilize. Usiache kuwaficha majirani, hilo ni lako na la nyumbani kwenu. Wakikuuliza habari waambie upo tu. Lakini kila ambaye jina lake umeliandika kwenye karatasi, mwendee kabla karatasi haijaondoka. Keti mbele yake, mweleze unakwenda wapi, unatafuta nini, unaogopa nini, na kipi katika kazi yako unataka akiseme. Usimwandikie profesa ambaye hujamsoma. Kilicho chako kizuri kiweke juu, ukiseme kwa sauti ya kawaida, bila kujipamba na bila kukiombea radhi. Waambie wenzako mnaotafuta kitu kimoja, maana mmoja wenu atatangulia, na wa nyuma atahitaji mtu aliyetangulia. Mwambie hata mbea wa idara yenu. Utachekwa kidogo, na kuchekwa kunapita. Ukikosa, mrudie yuleyule aliyekuandikia umwambie umekosa, ili akuandikie tena. Aibu hiyo nimeionja na ina mwisho wake. Na mkubwa akikuuliza una mipango gani, anaweza kuwa ana kitu mkononi anatafuta wa kumpa.

Njoo kesho ukitoka kazini. Chai itakuwepo. Njoo na ulichomwandikia Mjerumani tukisome pamoja, na ujibu swali langu la Jumapili upya. Sitakukumbusha uliyosema.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe kazi itakayokukuza, na siku utakapojadiliwa kwenye chumba usichokuwemo, akupe mtu wa kukusemea anayejua unakokwenda.